Eti likizo hospitali ina damu ya kutosha?

Kila Desemba nikikutana na vijana wa felowshipu za vyuo, yaani vikundi vya maombi vya wanafunzi, waliorudi nyumbani, hapa Mbale na kule Tororo, nawauliza likizo hii mmepanga kufanyia jamii nini, wananitajia misheni ya nyumba kwa nyumba, kufyeka kituo cha afya, kupeleka sabuni na sukari wodini, vizuri sana, lakini nikigusa tu habari ya kuchangia damu jibu ni lile lile: "Sista, si tulitoa chuoni kabla ya kufunga? Hospitali inayo." Nimechoka kulisikia.

Haina. Damu si mahindi useme utaweka ghalani mpaka msimu ujao. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 35, mfuko ukiwa na dawa ya kuzitunza zaidi siku 42, zikipita hizo inatupwa, na zile chembe za kugandisha damu ni siku 5 tu. Piga hesabu mwenyewe, ile mliyotoa mwanzoni mwa Novemba katikati ya Desemba imeshatumika au imeharibika, na shule hazifunguliwi mpaka Februari. Halafu hapa Uganda wachangiaji wakubwa ni wanafunzi, ndiyo maana shule zikifungwa akiba inashuka, iwe Nakasero, benki kuu ya damu kule Kampala, au huku mikoani. Na wagonjwa hawapungui. Mtoto analetwa viganja vyeupe kabisa kwa malaria, mama amejifungua anavuja damu, watoto wa seli mundu ambao huku mashariki ni wengi, ajali za barabarani za Krismasi, wote wanaitaka damu hiyo hiyo.

Najua mtasema waliotoa Novemba hawaruhusiwi bado. Kweli, mwanaume anasubiri miezi 3 na mwanamke miezi 4. Lakini felowshipu nzima haikutoa siku moja, mvulana aliyetoa mwanzoni mwa Septemba muda wake umefika, na wewe ambaye muda wako bado, kazi yako ni kuleta wengine. Mkipanga misheni andikieni benki ya damu ya mkoa mapema, sio wiki ile ile, zipo Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Fort Portal na Masaka, mchungaji awape uwanja wa kanisa, mwenyekiti wa kijiji (LC1) ajue, tangazo lisomwe Jumapili mbili mfululizo. Mimi nawataka sana wazazi na wanakwaya, kwa sababu wao muhula ukianza hawaondoki.

Mengine ninayoyasikia kuhusu kuchangia damu nayajibu kwa kifupi.

Eti wanaiuza. Benki ya damu haiuzi, mgonjwa anatakiwa aipate bure. Mtu akidai pesa wodini huyo ni mwizi, mripoti, usimnyime damu mtoto mgonjwa kwa kosa la mwingine.

Eti unapokea na tabia au mapepo ya mtu. Chembe nyekundu zinabeba oksijeni, basi.

Eti wasichana hawafai kutoa. Wanafaa, isipokuwa mjamzito na anayenyonyesha.

"Nachangia ili nijue kama nina ukimwi." Hii ni hatari jamani. Kila chupa inapimwa ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwenye kipimo. Una wasiwasi? Nenda kituo cha afya ukapime kwanza. Na maswali ya fomu jibu ukweli mtupu, kama mchungaji amekaa karibu omba muongee na nesi pembeni, ni haki yako.

Halafu walokole wangu, hili la kufunga. Mtu anakuja na siku nzima bila chakula anasema hiyo ni sadaka mara mbili. Hapana! Ukitoa mililita 450 tumbo tupu presha inashuka, unaanguka, na waliokuwa nyuma yako kwenye foleni wanaogopa wanarudi nyumbani. Siku ya damu kula posho (ugali) na maharagwe, kunywa maji mengi, kufunga panga siku nyingine. Ukimaliza kaa kwanza unywe soda, usirukie boda saa hiyo hiyo. Wiki zinazofuata kula dodo (mchicha), mukene (dagaa), maini ukipata, na chai usinywe pamoja na chakula kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, subiri kama saa moja ndiyo unywe.