Mdomo unakauka au una vidonda tangu uanze dawa? Usiache dozi kimyakimya, na usikae kimya pia

Kwenye kliniki yetu ya kinywa na meno wanakuja watu wengi wakitaka kung'olewa jino, ukishaanza kuongea nao unakuta shida yenyewe wala haikuanzia kwenye jino, imeanzia kwenye dawa anayokunywa kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Mtu anatumia dawa ya miguu kuwaka moto, mdomo umekauka miezi na miezi, hajamwambia mtu yeyote maana anaona aibu kulalamikia mate wakati wenzake kwenye foleni wana figo na moyo. Mimi naomba mlalamike, tena mapema, kwa sababu mdomo ukishaharibika mtu anashindwa kula, akishindwa kula anaanza kuruka dozi bila kumwambia daktari, na hapo ndo presha inapanda au kifafa kinarudi.

Tuanze na ukavu. Mtu mzima mwenye afya anatoa mate kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, na mate siyo maji tu, yana kalsiamu na fosfeti zinazotengeneza upya gamba la jino kila baada ya kula, yanapunguza makali ya asidi, yanazuia fangasi wasizidi. Tezi za mate zinafanya kazi kwa amri ya mishipa ya fahamu na dawa nyingi zinaizuia hiyo amri. Kinara ni amitriptilini, ile wanayopewa watu wa ganzi, kipandauso na sonona. Kuna Piriton ya mafua na mzio, Artane wanayopewa wanaotumia dawa za afya ya akili, Buscopan ya tumbo, morfini na tramado za maumivu, alafu dawa za kukojosha maji kama Lasix, ambazo zenyewe zinakausha kwa kupunguza maji mwilini. Ukinywa moja labda usisikie kitu, ila mzee mwenye dawa 5 kwa siku, mbili au tatu kati ya hizo zinakausha, zinajumlishana na hakuna aliyekaa chini akazihesabu pamoja kwa sababu kila moja imetoka kliniki yake.

Dalili zake: unaamka usiku kutafuta maji, mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha haushuki bila kusindikizwa na chai, ulimi unanata juu, ladha inapotea, meno bandia yanacheza. Mimi nikiingiza kioo changu mdomoni kikaganda kwenye shavu la ndani, najua tayari. Ila kabla hujailaumu dawa pima sukari kwanza, sababu kisukari kisichodhibitiwa nacho kinakausha mdomo na kuna watu wamegundulika hivyohivyo.

Sasa kosa ninalokutana nalo sana ni pipi kifua. Alikuja mama mmoja wa miaka sitini na kitu, anatumia amitriptilini kila usiku, mdomo ukikauka anamumunya pipi kifua, nyingine analala nayo shavuni. Nilipomfungua mdomo, meno yote ya mbele ya chini yameliwa kwenye shingo, pale jino linapokutana na fizi, kama mti uliokatwa na shoka kuzunguka shina, na juu meno yenyewe yanang'aa meupe kabisa ndo maana yeye alikuwa haoni. Huo ndo uozo wa mdomo mkavu, unaanzia chini na unaenda haraka. Pipi, soda, juisi ya ukwaju, chai ya sukari ya kunywa kidogokidogo mchana kutwa, vyote hivyo vinamaliza meno ambayo hayana mate ya kuyalinda, na asali pia, najua watu wanaipenda kwa sababu ni ya asili lakini kwenye jino sukari ni sukari.

Badala yake tafuna bigijii isiyo na sukari, soma pakiti uone kama ina zailito (xylitol, kitu kitamu kisichoozesha meno), kutafuna kwenyewe kunaziamsha tezi maana nyingi bado zipo hai, zimezubaishwa tu. Kunywa maji funda moja moja mara kwa mara. Na hapa nisikilizeni vizuri, ushauri wa kunywa maji mengi siyo wa kila mtu, mgonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku akijaza malita kwa sababu mdomo umekauka atavimba na kushindwa kupumua, huyu alowanishe mdomo na kutema, au amumunye kipande kidogo cha barafu na akihesabu kwenye maji yake ya siku. Usiku paka Vaseline kwenye midomo, weka glasi ya maji karibu, na kama unalala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba, tibu pua. Sigara, ugoro, mirungi, pombe, na zile dawa za kusukutua zenye spiriti zinakausha zaidi. Wanaofunga Ramadhani wenye shida hii, ongeeni na daktari kabla ya mwezi kuingia, dawa zingine muda wake unasogezeka, na mswaki wa mti mchana unasaidia kuamsha mate kwa wanaoutumia.

Mswaki piga mara 2 kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, angalia kwenye tyubu iandikwe 1450 ppm au karibu na hapo, ukimaliza tema povu tu usisuuze na maji mengi, hiyo floridi inayobaki ndo tunayoitaka. Zipo jeli za mate bandia kwenye maduka makubwa ya dawa, zinasaidia hasa usiku, bei yake siyo rafiki kwa wengi ndo maana naanza na vitu vya bure. Kuhusu dawa yenyewe daktari aliyekuandikia ana njia, anaweza kupunguza dozi, kubadilisha, au amitriptilini ukainywa masaa mawili hivi kabla ya kulala badala ya kitandani. Ila uamuzi huo ni wake.

Vidonda ni habari nyingine, na hapa ndo ninapokuwa mkali kidogo kwa sababu vingine ni vya kupaka kitu ukaendelea na maisha na vingine vinaua.

Kuna wanaojichoma wenyewe. Jino linauma usiku, anasaga aspirini anaibandika kwenye fizi, asubuhi ngozi ya ndani imekuwa nyeupe inachunika. Aspirini inamezwa, haibandikwi. Wanaotumia inhela za pumu zenye steroidi wanapata utando mweupe wa fangasi, kinga yake ni kusukutua na kutema kila baada ya kuvuta, na kutumia spesa, ile chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye inhela. Utando kama huo unakuja pia baada ya antibaiotiki za muda mrefu, unatibika kwa matone ya nistatini, ila ukirudi rudi tunashauri upime sukari na VVU. GV ile ya zambarau naona watu wanaipaka kwenye kila kidonda, siyo sawa, hiyo ni kwa fangasi, na ikiwa kali inaunguza na kuongeza kidonda.

Wagonjwa wa baridi yabisi wanaotumia metotreksati: hiyo inanywewa mara MOJA KWA WIKI. Mtu akikosea akainywa kila siku, vidonda mdomoni ni moja ya dalili za kwanza kwamba dawa imezidi na uboho unashindwa kutengeneza damu. Ukiona vidonda ukiwa kwenye dawa hii usinywe dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wa kemo, yaani wanaopewa dawa kali za saratani, vidonda huwa vinaanza kama siku 5 mpaka 10 baada ya dripu na vinapona ndani ya wiki 2 au 3. Kama unachomwa ile ya fluorourasili ya sindano ya haraka, muulize nesi kuhusu kumumunya barafu kwa dakika 30 kuanzia kabla kidogo ya sindano, inapunguza damu kufika mdomoni kwa hiyo na dawa inafika kidogo, iwe barafu ya maji yaliyochemshwa, na kama unapewa na oksaliplatini usifanye hivyo. Homa ikifika 38 ukiwa kwenye kemo na una vidonda usisubiri asubuhi.

Na hili la mwisho la hatari. Umeanza Septrin au dawa nyingine ya salfa, nevirapini ya VVU, dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini au lamotrijini, au alopurino ya gauti, kawaida ndani ya miezi 2 ya kwanza, unapata homa kama mafua, macho mekundu yanayochoma, midomo inachubuka na kuganda damu, vipele au malengelenge mwilini, saa zingine na sehemu za siri zinauma. Hapa acha dawa na ukimbie hospitali hata saa nane usiku, beba pakiti yake. Ukipona hiyo dawa hutakiwi kuigusa tena maisha yako yote, iandikwe kwenye kadi na ndugu zako waijue jina.

Kwa vidonda vya kawaida sukutua mara 4 au zaidi kwa siku: lita moja ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bekingi soda, usimeze, kesho tengeneza mapya. Iwe bekingi soda, siyo bekingi pauda wala magadi ya kulainishia maharage. Kula mtori uliopoa, uji, mtindi, parachichi, pilipili na ndimu zipumzike. Ukipewa jeli ya ganzi usile papo hapo, utajing'ata au kupaliwa. Kidonda kikizidi wiki 3 hakijapona, uwe unatumia dawa au hutumii, tunataka tukikate kipande tupime kama siyo saratani.

Ukija kliniki beba dawa zako zote kwenye mfuko, siyo majina ya kukumbuka kichwani, na mwambie mfamasia au daktari akujazie taarifa ya madhara ya dawa iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, ni haki yako na haikugharimu kitu. Inhela weka humo, matone ya macho weka, dawa ya mitishamba ya kwenye chupa nayo weka, maana hivyo ndo vitu ambavyo mtu nikimuuliza unatumia dawa gani havitaji kabisa.