Mayai ya bata hayaangui siku ya 21

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wafugaji hapa Tanga unasema bata akiatamia siku 21 bila kuangua, mayai ni viza, yatupwe. Si kweli. Siku 21 ni za kuku, na wengi tulianza na kuku, ndiyo maana hesabu zinachanganywa. Bata wa kawaida huchukua kama siku 28. Yule mwenye nyama nyekundu usoni, hodari kweli wa kuatamia, hufika 35.

Una shaka? Usiku mulika yai kwa tochi ya simu. Lisilo na mbegu huonekana angavu tupu. Lenye kifaranga huwa na giza, na nafasi ya hewa upande butu. Linalonuka ndilo la kuondoa. Ujumbe ukikufikia usiusambaze, muulize aliyeutuma bata wake ni wa aina gani.