Ukungu mweusi wa ukutani: neno, rangi na maji

Mwezi wa pili, katikati ya baridi, nilivuta kabati la nguo lililoegemea ukuta wa nyuma wa chumba chetu hapa Philadelphia. Nyuma yake palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani, laini kama masizi, na pembeni vidoadoa vimetawanyika kama pilipili manga iliyomwagika. Koti lililoning'inia upande huo lilikuwa limeingia kawa mgongo mzima. Mtu wa kwanza niliyemtumia picha alijibu neno moja: "Hameni." Wa pili akauliza: "Ni ule mweusi wenyewe?"

Swali hilo la pili, kama ni ule ukungu mweusi unaoogopwa, ndilo kila mtu huuliza, na ndilo linalopoteza watu muda.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Kawa ni yale madoa meusi ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Koga ni utando wa mkate uliolala au wa viatu vilivyosahauliwa uvunguni. Kuvu ni jina la jumla la viumbe wote wa jamii hiyo, kuanzia uyoga hadi hamira. Ukungu, mbali na ule wa alfajiri, ni kuvu wadogo wanaoota juu ya kitu chenye unyevu. Kwa hiyo "ukungu mweusi" ni ukungu wenye rangi nyeusi, basi. Si jina la aina moja. Cladosporium ni mweusi au kijani iliyokolea, Alternaria ni mweusi, Aspergillus niger ni mweusi, na ule wa kwenye silikoni ya bafuni nao ni mweusi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, wala mimi siwezi.

Yule anayetisha watu anaitwa Stachybotrys chartarum. Si mgeni mjini: mtaalamu wa kuvu August Corda alimwandika mwaka 1837, kutoka kwenye karatasi za ukutani za nyumba moja ya Prague. Chakula chake ni karatasi na mbao, na katika nyumba za leo maana yake ni ile karatasi inayofunika bodi za jipsamu. Lakini hataki unyevu wa hivihivi. Anataka kitu kilicholowa haswa, siku baada ya siku: bomba linalovuja ndani ya ukuta, dari iliyonyeshewa mvua msimu mzima. Jasho la ukutani nyuma ya kabati kwa kawaida humlea Cladosporium, mnyonge zaidi.

Sifa zake mbaya zilienea kutoka Cleveland, Ohio, mwaka 1993 na 1994, pale watoto wachanga walipovuja damu mapafuni na wachunguzi wakamshuku yeye, kwa kuwa nyumba nyingi za watoto hao zilikuwa zimeingiwa na maji. Mwaka 2000 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilipitia upya uchunguzi huo na kusema uhusiano haukuthibitishwa. Habari ya kwanza ilikuwa imeshasambaa. Ya pili wachache waliisikia. Hiyo haina maana kwamba ukungu hauna neno. Nyumba yenye unyevu huleta kikohozi, mafua yasiyoisha na kifua kubana, na mwenye pumu hali yake huwa mbaya zaidi. Aliye na kinga dhaifu ana hatari kubwa kuliko wote. Ila madhara hayo hayaangalii rangi. Mwenye pumu atabanwa na ukungu wa kijani kama atakavyobanwa na mweusi. Ndiyo maana EPA, shirika la mazingira la Marekani, linasema mara nyingi hakuna haja ya kupima aina: ukiuona, uondoe. Hela ya kupima ikapande darini ikatafute tundu.

Sasa nyumba zenyewe. Nyumba za safu za Philadelphia na Baltimore zimebanana bega kwa bega mtaa mzima, kila moja ikichangia ukuta na jirani wa kulia na wa kushoto. Nyingi zina zaidi ya miaka mia. Ukuta ni wa matofali laini yaliyoungwa kwa chokaa, paa ni bapa lenye lami likiinamia nyuma kidogo, na chini kuna chumba cha ardhini ambacho kuta zake zimegusana na udongo. Kuta zinazopigwa na baridi ni mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Za ubavuni zina joto, maana upande wa pili kuna mtu anapika.

Mpaka atakapohama. Miji hii miwili ina maelfu ya nyumba zilizoachwa tupu. Paa la nyumba tupu likitoboka, mvua inanyeshea ukuta mnaochangia, na doa linatokea sebuleni kwako ilhali mabomba yako yote ni mazima. Nyumba hiyo ikibomolewa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ukuta ule wa kati haukujengwa kukutana na mvua. Usipopakwa plasta vizuri, unakunywa maji kila wingu linapopita. Nimeona watu wakisugua ukuta kwa jiki miaka miwili wakati maji yanatoka kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Kuna kosa jingine, na hili waliokulia Mji Mkongwe wa Unguja watalitambua mara moja. Ukuta wa chokaa unapumua: unalowa, kisha unakauka kupitia viungo vyake. Fundi akija akaziba viungo hivyo kwa saruji ngumu, maji yanakosa njia, yanatokea kwenye tofali lenyewe, na tofali linaanza kubambuka uso. Unguja ni matumbawe, Baltimore ni tofali la udongo. Kosa ni lilelile.

Kwa hiyo kabla ya kushika brashi, jiulize maji yanatoka wapi. Doa lililo juu karibu na dari, linalokolea kila baada ya mvua, ni la paa au la mfereji wa paa. Jirani yangu alikuwa nalo; fundi alipanda, akashuka na majani yaliyooza kiganja kizima na mpira wa mtoto, vyote vimetoka kwenye mdomo wa bomba la maji ya paa ambalo nyumba mbili zinalichangia. Doa lililo chini, lisilopanda zaidi ya futi tatu hivi, lenye unga mweupe wa chumvi juu yake, ni maji ya ardhini yanayofyonzwa na tofali. Na doa la pembeni nyuma ya fenicha, linalokuja na baridi na kufifia kiangazi, ni jasho la hewa yenu wenyewe.

Hilo la mwisho watu hulikataa, wakidhani wanaambiwa ni wachafu. Si uchafu. Hewa ya chumba yenye nyuzi 20 za selisiasi na unyevu wa asilimia 60 hutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 12, na ukuta wa nyuma usiku wa baridi unafika huko bila shida. Ukungu wenyewe hausubiri hata matone. Watu watano wamelala chumba kimoja, sufuria ya maharage inachemka bila kifuniko, nguo zimeanikwa ndani, madirisha yamezibwa kwa plastiki ili joto lisitoroke: mvuke utaenda wapi?

Ukishindwa kuamua, bandika kipande cha foili ya jikoni ukutani, kingo zote kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Unyevu ukiwa juu ya foili, unatoka chumbani. Ukiwa nyuma yake, unatoka ukutani. Yangu ililowa juu. Nikalisogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, nguo nikazihamishia bafuni penye feni, na nikanunua kipimo kidogo cha unyevu. Lengo ni kukaa chini ya asilimia 60, na ukiweza kati ya 30 na 50.

Kusafisha kwenyewe ni kazi fupi. Eneo lisilozidi futi 10 za mraba, kama futi tatu kwa tatu, unaweza kulisafisha mwenyewe kwa sabuni na maji, ukiwa na glavu, miwani isiyo na matundu na barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, kisha ulikaushe kabisa. Usikwangue pakiwa pakavu. Utatimua vumbi lake nyumba nzima. Bodi ya jipsamu, zulia au godoro vilivyoota ndani havioshwi, vinatupwa. Jiki si lazima, na kamwe usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye amonia, maana hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu kuliko huo ukungu. Kupaka rangi juu ya doa ni kulivika kanzu tu.

Ukiwa mpangaji, paa na ukuta si mzigo wako. Marekani haina kiwango cha kitaifa cha ukungu majumbani, lakini Mahakama ya Juu ya Pennsylvania, jimbo lenye Philadelphia, iliamua mwaka 1979, katika kesi ya Pugh dhidi ya Holmes, kwamba kila mkataba wa nyumba ya kuishi unabeba ahadi ya nyumba kukalika, hata kama haikuandikwa. Maryland, jimbo lenye Baltimore, ina utaratibu wa kuomba mahakama ipokee kodi mpaka matengenezo yafanyike. Usizuie kodi kwa hasira kabla hujaongea na wakili wa msaada wa sheria. Watu wamefukuzwa kwa haraka hiyo. Andika barua badala ya kupiga simu, weka nakala, na piga picha za doa ukiwa umeweka rula pembeni, moja kabla ya mvua na nyingine baada yake.