Wakfu mdogo hauna siri vile tunavyodhani

Juzi baada ya alasiri nimekaa barazani Shella, hii ya kwetu Malindi sio ile ya Lamu, jamaa akanijia na karatasi imekunjwa mara nne, barua ya kuombea madrasa yao tangi la maji na mikeka, anataka nimtilie Kizungu itumwe kwa wakfu fulani wa Marekani, mfuko wa hisani ambao wao huuita foundation, kapewa jina na mgeni aliyelala hoteli anayofanyia kazi. Nikamuuliza, hao kwani kwa mwaka wanatoa ngapi, na huwapa nani? Akanitazama kama nimemuuliza uzito wa mwezi. "Kaka, hizo si siri zao?"

Basi hapo ndo nikaona niyaandike haya, manake hiyo ya siri nimeisikia mpaka nimechoka, na mimi mwenyewe niliiamini miaka.

Dhana: hesabu za wakfu wa watu binafsi, hasa ule mdogo wa familia, ni mambo yao ya ndani.

Kwa Marekani sio kweli hata kidogo. Kila wakfu binafsi kule, uwe na mabilioni au uwe umebakiwa na dola elfu tatu benki, kila mwaka lazima upeleke kwa watu wa kodi, IRS, fomu inaitwa 990-PF, na fomu hiyo ni ya wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma, hata wewe ulokaa Barani na simu imepasuka kioo. Mashirika mengine madogo ya hisani kule yanaruhusiwa kupeleka kifomu kifupi cha mtandaoni cha mistari michache, lakini wakfu binafsi hausamehewi kwa udogo wake. Tena hata majina ya waliotia pesa nyingi ndani yake yanaonekana, kitu ambacho kwa mashirika ya kawaida ya hisani hufichwa. Na kusoma ni bure, IRS wenyewe wana sehemu ya kutafutia, ProPublica, shirika la habari la kule, wana Nonprofit Explorer, alafu kuna Candid, hao ni Foundation Center na GuideStar walioungana 2019, wao vingine ni vya kulipia lakini fomu yenyewe usikubali kuilipia.

Kitu kimoja tu, usitafute kwa jina peke yake. Wakfu hizi nyingi zimebeba jina la ukoo na koo kule zinafanana kama Mohamed na Omar zilivyojaa huku. Kila mmoja una namba yake ya kodi yenye tarakimu 9, ukiipata hiyo umemaliza.

Na wakfu kukosa tovuti sio dalili ya utapeli. Ile midogo mingi haina tovuti wala ofisi, ofisi ni meza ya kulia chakula. Angalia kwenye fomu orodha ya viongozi, utakuta mume, mke, watoto wawili, kila mmoja kaandikiwa saa 1 kwa wiki na malipo sifuri. Mimi nikiona hivo najua barua yangu itasomwa na mtu katoka kazini kachoka, sasa nimwandikie kurasa 14 za nini?

Haya, hii inayofuata ndo kubwa. Dhana: wana dola milioni mbili, watashindwaje kutupa elfu hamsini?

Sisi watu wa pwani hatukupaswa hata kukosea hapa, manake neno wakfu ni letu. Mzee akifa akaacha shamba la minazi wakfu kwa msikiti, kuna mtu huenda akaikata minazi akauza magogo? Mnazi unabaki, zinaliwa nazi. Nyumba ya wakfu haiuzwi, inapangishwa na kodi yake ndo inanunua mafuta ya taa enzi hizo, sai inalipa stima. Kenya ina hata sheria ya makamishna wa wakfu tangu 1951. Wakfu wa Kimarekani wa familia mara nyingi unakwenda mwendo huohuo, mtaji umewekwa kwenye hisa na hati za dhamana, na kinachotoka ni tunda lake. (Tofauti ni kwamba wao sheria haiwakatazi kuula mtaji wenyewe, wapo wanaoamua wamalize zote wafunge, lakini wengi hawapendi.)

Sasa tunda ni kiasi gani? Wakfu binafsi walibanwa na sheria ya kodi ya 1969, na kanuni ya sasa ni kwamba kila mwaka watoe kama asilimia 5 ya thamani ya rasilimali zao, na wana mpaka mwisho wa mwaka unaofuata kukamilisha. Wasipotoa wanatozwa asilimia 30 ya kile kilichobaki hakijatolewa. Kwa hivo milioni mbili, tuseme kwa mfano, ni laki moja ya dola kwa mwaka, na humo ndani gharama halali za kuendesha hisani yenyewe zinahesabiwa pia. Juu yake kuna kodi ya asilimia 1.39 kwenye faida ya uwekezaji. Ukishafika hapo fungua orodha ya waliopewa, ukikuta laki ile imegawanywa vipande ishirini, huyu 3,000 yule 5,000, alafu wewe umeomba 50,000, jua umeomba nusu ya sufuria ya harusi nzima.

Kuna mtego hapohapo. Kwenye mizania utaona thamani mbili zimekaa jirani, thamani ya vitabuni na thamani ya sokoni. Ya vitabuni ni bei walonunulia, pengine miaka thelathini iliyopita. Ni kama mtu alonunua kiwanja Casuarina zamani kwa bei ya mbuzi wawili, vitabuni bado ni mbuzi wawili. Soma ya sokoni, ile asilimia 5 nayo haipigwi kwa bei ya mbuzi.

Orodha yenyewe ya waliopewa usikate tamaa ukikosa kuiona mara moja. Mara ya kwanza mimi niliifungua saiba, nikashuka ukurasa baada ya ukurasa, visanduku vitupu na sifuri tupu, mahali pa orodha pameandikwa tu tazama karatasi iliyoambatanishwa, nikafunga nikasema hawa hawatoi kitu. Kumbe karatasi iko mwisho kabisa wa PDF, baada ya maorodha ya hisa walizouza na kununua, imepigwa skani kimshazari, na kila mstari una jina la shirika, mji, sababu na kiasi. Hiyo karatasi moja ya kimshazari inakueleza hulka ya familia ile kuliko tovuti yoyote. Mimi huchukua ya miaka mitatu nikaziweka sambamba, yule anayejirudia kila mwaka ndo mpenzi wao, ikiwa kila mwaka ni kanisa lao, shule walosoma na hospitali ya mji wao, basi tangi la madrasa ya huku litaingilia wapi.

Na hapa nina kidonda changu. Tulishawahi kuandikia wakfu mmoja, sitautaja, kikundi cha akina mama walotaka mashine ya kukamua mafuta ya nazi. Tuliandika andiko zito, bajeti, picha, barua ya chifu, tukaituma kwa pesa ya mchango, tukangoja miezi saba. Kimya. Mwenyekiti akinikuta sokoni ananiuliza "mwanangu, wale watu wako vipi?" mpaka nikawa napita njia ya nyuma. Siku naifungua fomu yao, kwenye sehemu ya maelezo ya maombi, pale karibu na orodha ya waliopewa, pana kisanduku kidogo kimetiwa alama, maana yake wakfu huu unawapa wale uliowachagua wenyewe na haupokei maombi ya kujiletea. Kila mwaka wameitia alama. Miaka yote! Hawakutudharau, walishasema, ni sisi hatukusoma. Wakfu wengi wadogo hutia alama hiyo, na wale wasiotia huandika hapohapo maombi yapelekwe kwa nani, yawe vipi, mwisho lini, na nini hawakigharamii. Kwa hivo dhana ya kwamba kila wenye pesa za hisani wanangoja kuombwa ilinitoka siku hiyo.

Sasa wengine wakishajua kusoma orodha wanakosea upande wa pili, wanasema hakuna jina la Kenya humu basi hawa hawatoi Kenya. Subiri. Kutoa nje kwa wakfu binafsi wa Marekani kuna usumbufu wake, ama mtaalamu athibitishe kwamba shirika lenu ni sawasawa na shirika la hisani la kwao, ama wakfu wenyewe ubebe jukumu la kuulizia kabla, kuandikiana mkataba na kufuatilia ripoti mpaka senti ya mwisho. Familia yenye saa 1 kwa wiki itaanzia wapi? Wanaona bora wampe shirika la kule kwao ambalo lina mradi huku, na kwenye orodha litaandikwa jina la shirika hilo na mji wa Marekani, pesa imefika Gongoni lakini karatasi inasema Boston. Tafuta kwenye safu ya sababu, na uulize hilo shirika la kati linafanya kazi na nani. Na fomu ina swali la kama wametoa kwa njia ile ya kubeba jukumu, wakijibu ndiyo wanatakiwa kuambatanisha maelezo. Ukiona maelezo hayo umepata wakfu unaoijua njia ya nje.

Kuhusu tarehe nitapita haraka. Watu hutaka hesabu za mwaka jana na wakizikosa wanashuku. Anayefunga mwaka Desemba anatakiwa apeleke kufikia 15 Mei, akiomba muda anafika 15 Novemba, alafu mpaka ipakiwe mitandaoni ni muda mwingine. Kusoma karatasi ya miaka miwili nyuma ni kawaida.

Uingereza ni tofauti kidogo, kule wakfu wa hisani hukaa kwenye rejista ya Charity Commission, hiyo ni ya England na Wales, Scotland wana yao, na wenye mapato ya juu ya pauni 25,000 hesabu zao zinapakiwa hapo, wana miezi 10 baada ya kufunga mwaka. Chini ya hapo utaona jumla tu ya kilichoingia na kilichotoka, lakini una haki ya kuwaandikia wakupe hesabu za karibuni.

Haya twende kwa Wataliano wetu, manake Malindi bila wao sio Malindi, tangu enzi za San Marco, kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni. Dhana ya mtaani: hawa vijishirika vyao ni vya mfukoni, mtu anachangisha kwao Milano anajenga darasa moja huku anapiga picha, hakuna wa kumuuliza. Wapo wa hivo, sitawatetea. Lakini Italia tangu 23 Novemba 2021 kuna rejista moja ya taifa, RUNTS, na shirika lililomo linatakiwa kuweka katiba yake na hesabu zake. Neno onlus, hadhi ya zamani ya shirika la hisani kule, mnaloliona kwenye mabango ya shule lisiwatie wala kuwatoa shaka, hadhi hiyo imefutwa kuanzia 2026 na bango lilikuwa limeshapakwa rangi. Ulizia codice fiscale, yaani namba ya kodi, kwa shirika ni tarakimu 11, Mtaliano wa kweli atakupa bila kukunja uso.

Na kuna kitu kitamu zaidi. Mlipa kodi wa Italia anaweza kutia saini kwamba sehemu 5 katika kila 1,000 za kodi yake ya mapato iende kwa shirika alitakalo, na idara ya kodi hutangaza orodha, shirika gani, limeandikwa na watu wangapi, limepata yuro ngapi. Nilimtafuta mmoja alokuwa anatuambia kila mwaka ati kwao hakuna mtu anayemchangia tena. Nilimkuta, na jumla haikuwa ya kulia vile. Sikumwambia kitu, lakini mkutano uliofuata nilikaa mbele.

Huku kwetu jina foundation halithibitishi lolote. Linaweza kuwa trasti, kampuni isiyo na hisa, shirika la manufaa ya umma au kikundi tu cha kijiji. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 lakini ilianza kutumika 14 Mei 2024, ikaondoa ile ya NGO ya 1990. Kwa hivo muulize kwanza kasajiliwa wapi, ikiwa ni kampuni omba CR12, ile karatasi ya msajili wa makampuni, eCitizen uone wakurugenzi ni nani. Hata Marekani jina hilo hubebwa na mashirika ya kuchangisha ambayo fomu yao ni 990 ya kawaida, kwa hivo ukikosa 990-PF usiseme wameficha. Na anayekuomba M-Pesa ya kusajili maombi, huyo hata usimtafute popote.

Nilimweleza jamaa wa madrasa yote haya, tukaufungua wakfu wake kwenye simu. Kisanduku hakina alama. Ruzuku zao ni za dola elfu mbili mpaka sita, maji yamo, Afrika Mashariki imo mara mbili, na yale maelezo ya kufuatilia wameambatanisha. Akafurahi mpaka akaagiza mahamri. Nikamwambia sasa barua iwe ukurasa mmoja, na hawa kabla ya kutoa watauliza hesabu zenu, kilichoingia mwaka jana na kilichotoka, nani anatia saini. Mahamri yakakaa.

Akampigia mwekahazina pale pale, kaweka spika. Daftari lipo, lakini tangu Ramadhani halijaandikwa, meseji za M-Pesa zimo kwenye simu ya zamani, na simu ya zamani kapewa mtoto anachezea gemu.