Korosho haina kolesteroli

Simama kidogo kwenye meza za korosho za kukaanga hapa Mtwara mjini, hutakosa kusikia mtu akimwonya mwenzake: "Mama, punguza hizo, zina kolesteroli, zitakuganda moyoni." Na huyo anayeonya jioni anakwenda kupika samaki kwa tui zito, bila wasiwasi wowote.

Korosho haina kolesteroli. Ufuta wa Lindi hauna, karanga hazina, hata nazi haina. Kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, tunaikuta kwenye vyakula vya wanyama: yai, maini, pweza, kamba. Mimea ina steroli, yaani ndugu wa kolesteroli, za namna yake.

Kolesteroli kwa kifupi: ni steroli, kitu cha asili ya nta kinachokaa kwenye utando wa kila seli ya mwili na kuupa uimara. Kutokana nayo mwili hutengeneza homoni za uzazi na asidi za nyongo. Mafuta ni kitu kingine. Mafuta mwili huyachoma ukapata nguvu, kolesteroli haichomwi. Seli zetu haziwezi kuzivunja pete zake. Zinaweza kuihifadhi au kuitoa nje, na ini huitupa kupitia nyongo, basi. Na ikizidi ndani ya seli inakuwa sumu, kwa hiyo seli haiwezi kuiacha ijae ovyo.

Inaipima. Cha ajabu, haiipimi pale ilipo nyingi. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya seli iko kwenye utando wa nje, lakini kipimo kimewekwa ndani, kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa vijitando ndani ya seli), ambako ni chache mno. Huko ikivuka takriban asilimia 5 ya molekuli za utando, seli inajua imetosha. Hapo hapo imekaa protini iitwayo SREBP, imeshikana na nyingine, SCAP. Kolesteroli ikipungua, SCAP huipeleka SREBP hadi Golgi, sehemu nyingine ya seli inayoshughulikia protini, inakatwa mara mbili, na kipande kinachoachiwa kinaingia kwenye kiini cha seli. Humo kinawasha jeni za kutengeneza kolesteroli mpya, pamoja na jeni ya vipokezi vya LDL (kibebeo cha kolesteroli kwenye damu), vile vinavyokaa juu ya seli vikinasa kolesteroli inayopita kwenye damu. Ikitosha, protini ya tatu, Insig, inaizuia SCAP isitoke.

Vipokezi hivyo viliwapa watafiti Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, Tuzo ya Nobel mwaka 1985. SREBP yenyewe waliipata baadaye. Walianza na seli za ngozi za watu wenye kolesteroli ya juu ya kurithi. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama anaweza kupata shambulio la moyo akiwa bado mdogo, hata ale nini, kwa sababu seli zake hazina vipokezi vinavyofanya kazi na LDL inabaki ikizunguka kwenye damu.

Sasa turudi kwenye lile tui. Mafuta ya nazi, sehemu yake kubwa mno ni mafuta yaliyoshiba (yale yanayoganda kirahisi), na mafuta ya aina hiyo yakizidi hupunguza kazi ya vipokezi vya LDL kwenye ini. Kolesteroli inapanda kwenye damu ingawa chakula chenyewe hakikuwa na hata chembe. Kwa hiyo yale maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa za mafuta ya kupikia si uongo, ila hayakujibu swali. Mafuta ya korosho, zaidi ya nusu ni asidi ya oleiki, ambayo haijashiba na haina kawaida hiyo.

(Na hiyo "kolesteroli nzuri" na "mbaya" ni molekuli ile ile. Kinachotofautiana ni kibebeo chake kwenye damu, HDL au LDL.)

Basi mama wa watu akinunua korosho, usimtishe kwa kolesteroli. Mwambie zina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo kiganja kimoja kinamtosha. Kama ni zile za chumvi na ana presha, apunguze kwa ajili ya chumvi.