Kubadili ukubwa wa kitu katika mchoro wa kompyuta

Kila anayechora ramani za nyumba kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, anaijua amri ya SCALE. Wenzetu wengi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, waliosoma kwa Kifaransa, wanaiandika ECHELLE. Ukitanguliza kistari cha chini, yaani _SCALE, programu itaielewa hata ikiwa imewekwa kwa lugha gani. Kuiandika ni kazi nyepesi. Shida huanza pale mtu asipofahamu hasa anachokibadilisha.

Kubadili ukubwa kwa amri hii ni kuzidisha kila urefu wa vitu ulivyochagua kwa namba moja. Namba ikizidi 1, kitu kinakua. Ikiwa kati ya 0 na 1, kinapungua. Sifuri na namba hasi zinakataliwa. Kabla ya namba, programu inakuomba nukta ya msingi, na hiyo ndiyo sehemu pekee isiyohama. Kona iliyokuwa mita 10 kutoka nukta hiyo, ukizidisha kwa 2, utaikuta mita 20. Ndiyo maana mtu akichagua nukta vibaya hudhani mchoro umepotea kwenye skrini.

Sasa tazama chumba cha mita 4 kwa 3, chenye ukuta wa sentimita 20 na mlango wa sentimita 90. Mwenye nyumba anataka kipanuke, nawe unazidisha kwa 1.5. Chumba kinakuwa mita 6 kwa 4.5, lakini ukuta nao unakuwa sentimita 30 na mlango sentimita 135. Eneo limetoka mita za mraba 12 hadi 27, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa namba uliyotumia. Hapo mwashi ana haki ya kukuuliza hiyo milango itatoka wapi. Kwa chumba, amri inayofaa ni STRETCH, kwa Kifaransa ETIRER: unazungusha dirisha la kuchagulia kutoka kulia kwenda kushoto, ncha zilizomo zinavutwa, na unene wa ukuta unabaki vilevile. Dirisha la nyumba lililotengenezwa kama bloku, yaani mistari iliyofungwa pamoja kuwa kitu kimoja, lina njia nyingine, kwa sababu bloku inaweza kupewa namba moja kwa upana na nyingine kwa kina.

SCALE inafaa zaidi kurekebisha vipimo vya mchoro mzima. Mchoro uliofanywa kwa milimita ukiletwa kwenye faili la mita, unazidishwa kwa 0.001. Wa inchi ukiletwa kwenye milimita, unazidishwa kwa 25.4. Usipoijua namba, chagua Reference ndani ya amri hiyohiyo: bonyeza ncha mbili za urefu unaoujua, andika urefu wake halisi, na programu itapiga hesabu yenyewe. Hivyo ndivyo karatasi ya zamani ya parseli, yaani kiwanja, iliyopigwa skani, inavyorudishwa kwenye vipimo vyake.

Lakini Bukavu ni mji wa miteremko, na hapa ndipo naomba umakini. Ramani huonyesha umbali wa mlalo. Tuseme mpaka mmoja wa parseli ya Kadutu, mtaa wa Bukavu, unapanda mlima, kila mita 10 za mlalo zikiinuka mita 3. Ukilaza futi ya kupimia juu ya udongo ukasoma mita 20, umbali wa mlalo ni kama mita 19.16 tu. Ukiiingiza 20 kwenye Reference, mchoro wote unakua kwa zaidi ya asilimia 4, na eneo kwa asilimia 9. Mwenye parseli ataonyeshwa ardhi ambayo hana, na jirani yake ndiye atakayegombana naye. Tumia upande ulio tambarare, au pima kwa kuinyoosha futi mlalo hatua kwa hatua. Kisha kagua upande wa pili: skani au picha ya simu iliyopinda haiwezi kunyooshwa kwa kuzidisha kila kitu kwa namba moja.

Faili la mpimaji ardhi lenye viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali pa kila nukta duniani, liache kama lilivyo. Bukavu iko kwenye ukanda wa 35 kusini wa UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita, na namba zake za kaskazini huzidi mita 9,700,000. Ukizidisha faili hilo, mawe ya mpaka hayalingani tena na GPS. Punguza au kuza mchoro wa nyumba mpaka ufuate mita za mpimaji, kisha uulete kwenye parseli.

Kitu kikionekana kidogo kwenye karatasi, ukubwa wake usiuguse. Nyumba ichorwe kwa vipimo vyake halisi, na skeli ipewe dirisha la ukurasa, yaani fremu inayoonyesha mchoro kwenye karatasi ya kuchapishwa. Kwa 1:100, sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya nyumba. Kwa 1:50, parseli ya mita 16 huchukua sentimita 32 na kuingia kwenye A3, ambayo upande wake mrefu ni sentimita 42. Kwenye sekretaria ya kuchapishia, waombe wasiweke chaguo la kujaza ukurasa, kisha pima mlango mmoja kwa rula kabla hujalipa: ule wa sentimita 90, kwa 1:50, lazima usome milimita 18.