Marejesho ya umeme wa kuchajia gari la kazi nyumbani ni nini?

Ni pesa ambayo mwajiri anamrudishia mfanyakazi kwa umeme wa nyumbani kwake uliotumika kuchaji gari la kampuni. Gari ni la ofisi, mita ni ya mfanyakazi. Ni marejesho yale yale anayoyajua kila aliyewahi kutumwa safari na ofisi: umetoa pesa mfukoni kwa kazi ya mwajiri, unapeleka vielelezo kwa mhasibu, unalipwa ulichotumia. Si posho wala zawadi, na tofauti hiyo ina uzito wake kwenye kodi, kama tutakavyoona.

Gari la mafuta halina maneno mengi. Dereva anajaza kituoni, anapewa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye lita na shilingi, mhasibu anaiambatisha kwenye hati ya malipo, yamekwisha. Umeme wa nyumbani hautoi risiti ya gari. Unatoa risiti ya LUKU, ule umeme wa TANESCO unaolipiwa kabla, na ile ni ya nyumba nzima.

Tuseme afisa ugani wa kampuni inayonunua asali anaishi Ipuli, Tabora mjini, na amekabidhiwa gari la umeme. Kazi yake ni kuwafuata wafugaji nyuki huko Sikonge, kilometa sabini hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Usiku anachomeka gari kwenye soketi ya kawaida, asubuhi anaondoka. Mwisho wa mwezi anafika kwa mhasibu na risiti za LUKU za shilingi 90,000.

"Kaka," mhasibu anamwambia, "nikilipa zote hizi nitakuwa nimelipia na umeme wa mkeo wa kupigia pasi."

"Sasa dada, nizitenganishe vipi?"

Hapo ndipo penye kazi. Mjadala mzima wa marejesho haya uko kwenye mambo mawili tu: uniti zipi ni za gari, na kila uniti ihesabiwe kwa bei gani.

Tuanze na uniti. Njia rahisi ni kuhesabu kwa kilometa. Gari dogo la umeme linakula takriban uniti (kilowati-saa) 17 kwa kilometa 100. Lakini hizo ni zilizotoka kwenye betri. Wakati wa kuchaji, sehemu ya umeme hupotea kama joto kwenye waya na kwenye chaja ya gari, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Kwa hiyo safari ya Sikonge kwenda na kurudi, ambayo skrini ya gari inaionyesha kuwa uniti 24, kwenye mita ya nyumbani imekula kama 27. Mwajiri anayelipa kwa kusoma skrini ya gari anampunja mtu uniti tatu kila safari, pengine bila hata kujua.

Njia ya uhakika zaidi ni mita ndogo inayofungwa kwenye waya wa chaja peke yake. Inasoma kilichopita pale, pamoja na kilichopotea njiani. Mfanyakazi anaipiga picha tarehe ya kwanza na tarehe ya mwisho, anatoa, anapata uniti zake.

Bei nayo ina mitego. Mteja wa TANESCO wa tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, hununua uniti kwa shilingi 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika 356 na senti. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Lakini usichukue risiti moja ukagawanya pesa kwa uniti. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, na kama kuna deni nalo hukatwa, kwa hiyo risiti ya mwanzo wa mwezi inaweza kuonyesha uniti ghali kuliko ilivyo. Gari halidaiwi kodi ya jengo.

Mtego mkubwa ni tarifu ya D1, ile ya matumizi madogo. Wengi wanaifahamu kwa ile 9,150 inayotoa uniti 75. Uniti hizo 75 za mwezi huuzwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukizivuka, kila inayofuata ni 350. Nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi inalipa 7,320. Leta gari linalokula uniti 120, jumla inakuwa 180 na malipo yanaruka hadi karibu 54,000. Na mteja anayevuka kila mwezi huhamishiwa T1. Akishahamishwa, zile uniti 60 za taa na friji, ambazo hazikuongezeka hata moja, zinamgharimu zaidi ya 21,000. Hiyo elfu kumi na nne ya ziada imeletwa na gari la ofisi, ila haionekani kwenye mita ndogo. Kwa maoni yangu nayo ni gharama ya mwajiri, na mfanyakazi asione haya kuidai.

Nchi zilizotangulia kwenye magari haya nazo zimehangaika na swali hilo hilo. Uingereza ilianza mwaka 2018 na kiwango cha peni 4 kwa kila maili ya kazi. Tangu Septemba 2025 kiwango hicho kimegawanywa, cha anayechaji nyumbani na cha anayechaji kwenye vituo vya umma, ambako umeme ni ghali zaidi. Ujerumani iliruhusu malipo ya mkupuo bila kupima, hadi euro 70 kwa mwezi kwa gari la umeme ikiwa kazini hakuna pa kuchajia. Mkupuo huo ulikoma mwisho wa 2025, na sasa wanataka uniti zilizopimwa.

Kwetu Tanzania mkupuo una shida nyingine. Sheria ya Kodi ya Mapato haihesabu kuwa kipato pesa inayorudisha tu kile ulichotumia kwa ajili ya kazi. Ukilipwa elfu hamsini kila mwezi bila hesabu yoyote, hiyo ni posho, na posho inakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara.

Kuna suala la LUKU kulipiwa kabla. Mfanyakazi anayesubiri marejesho hadi tarehe 30 anamkopesha mwajiri wake mwezi mzima. Masurufu, yaani pesa anayotanguliziwa mwanzo wa mwezi, yanaondoa hilo. Bora zaidi ni kuomba mita ya pili ya LUKU kwa ajili ya chaja tu: ofisi inanunua tokeni kwa namba ya mita hiyo, nyumba inabaki na tarifu yake, na wapangaji wanaochangia mita moja hawagombani kwa sababu ya gari la mtu mmoja. Mpangaji atahitaji ridhaa ya mwenye nyumba. Na makubaliano yaandikwe mapema: nani anamlipa fundi wa waya, safari za Jumapili zinahesabiwaje, na mfanyakazi akihama, uniti zilizobaki ni hasara ya nani, maana tokeni ikishaingizwa haitoki tena kwenye mita.